Netflix Haikuziua Maktaba za Video za Mbeya

Habari za kufa kwa maduka ya kukodisha filamu, ambayo kwetu tuliyaita maktaba za video, zimekwisha kuandikwa mara nyingi, na karibu kila mara zimeandikwa kwa mfano wa Marekani. Kampuni ya Blockbuster, iliyoanzia Dallas mwaka 1985, ilifikia kuwa na maduka zaidi ya 9,000 mwaka 2004, ikafilisika mwaka 2010, na leo limebaki duka moja tu lenye jina hilo katika mji wa Bend, jimbo la Oregon. Mshindi wa vita hiyo alikuwa Netflix, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1997, ikaanza kwa kupeleka DVD majumbani kwa njia ya posta, ikaanza kuonyesha filamu kupitia intaneti mwaka 2007, na Septemba 2023 ikaacha kabisa kutuma diski. Kwa nchi ile maelezo hayo yanajitosheleza. Ninachokataa ni tabia ya kuyachukua yalivyo na kuyavisha Mbeya, Iringa na Njombe, kana kwamba mteja wa Mwanjelwa aliacha kukodi CD kwa sababu siku moja alijiunga na huduma ya kulipia kwa kadi ya benki.

Netflix iliwafungulia Watanzania milango Januari 2016, ilipoingia kwa mkupuo katika nchi 130 hivi. Kufikia wakati huo maktaba za video nilizozifahamu katika mitaa ya Mbeya ya Mwanjelwa, Mafiati, Kabwe na Soweto zilikuwa ama zimefungwa, ama zimegeuka kuwa saluni, ama zinauza vocha na makava ya simu. Mgeni aliyefika baada ya matanga hawezi kushtakiwa kwa mauaji. Aliyeziua alikuwa wa humu humu ndani, na mara nyingi alikuwa mwenye maktaba mwenyewe, siku alipoweka kompyuta kaunta na kuanza kumjazia mteja filamu kwenye flashi.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kukumbuka biashara ile ilivyokuwa ikiendeshwa. Kanda za VHS, zilizotolewa kwa mara ya kwanza na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, zilikuta Tanzania Bara haina hata kituo kimoja cha televisheni. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo watu wengi wa nyanda za juu kusini waliendelea kununua runinga kwa ajili ya deki ya kuchezea kanda, wala si kwa ajili ya taarifa ya habari. Maktaba ilikuwa ndiyo stesheni yao. Ulilipa kiingilio, ukaandikwa katika daftari kubwa la kaunta, ukaacha picha ndogo au kitambulisho, na kama hukufahamika mtaani ulitakiwa kuja na mtu wa kukudhamini. Kanda ilitakiwa kurudi kesho yake ikiwa imerudishwa mwanzo, na aliyeirudisha ikiwa imeishia katikati alitozwa, au angalau alisemwa mbele za watu, jambo ambalo kwa wengi lilikuwa adhabu kubwa zaidi. Baadaye zikaja VCD, ambazo filamu moja ilikaa katika diski mbili, kisha DVD, na hatimaye zile DVD za mkusanyiko zilizobanwa filamu nyingi za mwigizaji mmoja katika diski moja, picha ikiwa hafifu lakini hesabu ikimfurahisha mnunuzi. Mwenye maktaba alikaa na kitambaa laini mkononi akipangusa mikwaruzo, maana diski iliyogandaganda katikati ya mapigano ilimrudisha mteja kaunta usiku huo huo akiwa amekasirika.

Tamthilia za vipindi vingi ndizo zilizoonyesha vizuri zaidi tabia ya biashara hii. Diski ya kwanza ilikuwapo, ya pili ilikuwapo, ya tatu ilikuwa kwa mteja wa mtaa wa Forest ambaye hajaonekana tangu Jumamosi. Mtaa mzima ulimsubiri. Watu waliojuana kwa sura tu waliulizana barabarani kama umeshaimaliza na kama unaweza kuipitisha kwake kabla ya kuirudisha, jambo ambalo mwenye maktaba alilikataza kwa tangazo la maandishi makubwa ukutani, na ambalo kila mtu alilifanya.

Mbeya, zaidi ya hayo, haikukodishia wakazi wake peke yao. Kwa kuwa mji huu umekaa kwenye barabara kuu iendayo Tunduma, na kwa kuwa njia za Chunya, Kyela na Mbarali zinakutana hapa au karibu na hapa, maktaba kubwa za mjini zilikuwa kama ghala la jumla kwa vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu kwa kiingilio, vya wilayani. Mwenye kibanda kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, au kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, alikuja mjini kufuata bidhaa nyingine akaondoka na furushi la kanda za wiki nzima, akaziendesha kwa jenereta, akazirudisha safari iliyofuata. Mzigo mpya ulitoka Kariakoo kama parseli za mabasi, mwendo wa zaidi ya kilomita 800, na siku ya kufika kwake ilijulikana. Filamu moja iliweza kupita mikononi mwa mamia ya watazamaji bila kuzalishwa nakala ya pili, kwa sababu tu ilikuwa kitu cha kushikika kinachotoka na kurudi.

Katikati ya mzunguko huo alikaa mtu mwenye ujuzi ambao sijaona bado ukiheshimiwa inavyostahili. Wateja wengi hawakujua jina la filamu wala la mwongozaji wake. Walifika kaunta wakasema, «Kaka, nipe ile picha steringi anajifanya kipofu, adui ana kovu shavuni, mwishoni wanapigana juu ya treni,» naye akanyoosha mkono rafu ya tatu bila kufikiri. Alijua kwamba mama wa nyumba ile anataka za Kihindi zenye nyimbo, kwamba mzee yule mstaafu hataki filamu ya vita yenye matusi kwa sababu anatazama na wajukuu, na kwamba kijana huyu akipewa ya Kinaijeria leo atarudi kuuliza sehemu ya pili. Mashine za kupendekeza filamu zinahesabu ulichotazama. Hazijui unatazama na nani sebuleni.

Sasa flashi. Nguvu yote ya maktaba ilitokana na uhaba: diski ikiwa kwako, haiko kwangu, na ndiyo maana nilikubali kulipa mia tano ili usiku huu iwe kwangu. Faili haliondoki kaunta. Mwenye maktaba aliyeanza kunakili filamu kwenye flashi aliona kwanza neema, kwa sababu hakuwa tena na diski zilizopotea wala wateja wa kufuatiliwa, na filamu ile ile aliweza kuwapa watu ishirini kwa siku moja. Hakuona kwamba anawapa vilevile uwezo wa kutomrudia. Mteja aliyejaziwa filamu kumi aliwanakilia rafiki zake bure. Kijana mwenye kompyuta alinunua hadi diski kuu ya kompyuta (hard disk) nzima iliyojazwa filamu Dar es Salaam, akaweka meza karibu na stendi, na hakuhitaji rafu, daftari wala dhamana. Mkongo wa baharini wa SEACOM uliofika mwaka 2009 uliharakisha mambo kwa njia ambayo haikutarajiwa: haikuwa lazima intaneti ya kasi ifike Uyole, ilitosha mtu mmoja wa mjini kupakua na basi kusafirisha. Kisha vikaja ving'amuzi, baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa mwishoni mwa mwaka 2012 na Azam TV kuanza mwaka uliofuata, na nyumba ambazo hazikuwahi kuwa na chaguo zaidi ya deki zikapata chaneli za filamu mchana na usiku. Simu za kisasa na makundi ya Telegram yalipokuja, kilichobaki kuuawa kilikuwa kidogo sana. Vibanda umiza vimenusurika hadi leo kwa sababu ya mpira wa Ulaya, si kwa sababu ya sinema.

Nisieleweke kwamba ninazitakasa maktaba zile. Sehemu kubwa ya walichokodisha kilikuwa nakala isiyo halali, na hata diski halali ya filamu ya Kibongo ilinunuliwa mara moja tu ikakodishwa mpaka ikaisha, bila msanii kuona shilingi ya ziada. Serikali ilipoanza mwaka 2013 kutaka kazi za muziki na filamu zinazouzwa ziwe na stempu ya kodi, wenye maktaba walilalamika sana, na sehemu ya malalamiko hayo ilikuwa ya mtu aliyezoea kutoulizwa. Lakini waliokuja baada yao hawakuwa na adabu zaidi. Maktaba ilinunua walau diski moja. Meza ya flashi hainunui chochote. Soko la diski, pamoja na unyonge wake wote na ule mtindo wa kumlazimisha mteja anunue sehemu ya kwanza na ya pili kando kando, ndilo lililolisha kizazi cha filamu za Kitanzania za miaka ya 2000 hadi kifo cha mwigizaji Steven Kanumba, Aprili 2012, na miaka michache baada yake.

Hapa ndipo penye hoja yangu hasa. Hasara tuliyoipata si kupungua kwa filamu za kutazama, kwa kuwa zimeongezeka kupita kiasi. Tumepoteza watunzaji. Maktaba ya video, bila kukusudia na bila kulipwa kwa kazi hiyo, ilikuwa inahifadhi: rafu za nyuma, ambazo hakuna aliyezigusa kwa miaka, zilikuwa na filamu za Kibongo ambazo hazikudumu sokoni, kanda na VCD za kwaya za Kimoraviani na za Kilutheri za huku kwetu, na filamu za nje zilizosimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, ambaye sauti yake iliwafanya Watanzania wengi wacheke mahali ambapo mwongozaji wa filamu hakuweka kichekesho. Maduka yalipofungwa, mzigo huo uliuzwa kwa jumla, ukagawiwa, ukatupwa. Hakuna huduma ya mtandaoni itakayourudisha. Netflix na wenzake hukodi filamu nyingi kutoka kwa wenye haki kwa mkataba wenye muda, na muda ukiisha filamu huondoka bila mtazamaji kuulizwa. Simulizi za Lufufu hazina hata mwenye haki anayeweza kusaini mkataba huo, kwa kuwa zilijengwa juu ya filamu za watu wengine. YouTube imeokoa baadhi, lakini kilichopandishwa na mtu binafsi hushushwa siku mwenye wimbo wa usuli anapolalamika.

Yako pia mambo ya gharama, ambayo nitayapita haraka kwa sababu kila anayenunua bando anayajua. Kutazama filamu kwa ubora wa kawaida hula karibu GB 1 kwa saa, na kwa ubora wa juu huweza kufika GB 3. Diski haikula kitu zaidi ya umeme.

Ninapendekeza jambo dogo linalowezekana. Mbeya ina Maktaba ya Mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na ina chuo kikuu, MUST, chenye watu wanaojua kompyuta. Maktaba ile itenge kabati moja la diski na kanda zilizochapwa kihalali, za filamu za Kitanzania na za kwaya, ipokee zile ambazo watu wako tayari kuzitoa, iziorodheshe kwa jina, mwaka na mahali zilipotengenezwa, na iruhusu zitazamwe humo humo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuamua nani anakili kazi yake, na ni sawa iwe hivyo. Basi kunakili kusubiri idhini, lakini kupokea na kuorodhesha diski iliyokwisha kununuliwa kuanze sasa. Kwaya nyingi bado zipo na viongozi wake wanajulikana makanisani. Idhini yao si kitu cha kutafuta mahakamani. Filamu zilizosimuliwa ni suala gumu zaidi, na ningependelea zihifadhiwe kwa utafiti kwanza kuliko zisubiri wanasheria mpaka zioze.

Zinaoza kweli. Diski iliyochapwa kiwandani hudumu muda mrefu ikitunzwa, lakini ile iliyochomwa kwenye kompyuta, ambayo ndiyo iliyokuwa nyingi kwenye rafu zetu, hubeba data katika tabaka la rangi ambalo huharibika kwa mwanga, joto na unyevu, na kanda ya VHS huota ukungu ikikaa mahali penye majimaji. Kwa hiyo kazi ya kukusanya ianzie Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa kubahatisha, na ianze na kanda kabla ya diski. Kitakachohitajika mapema kuliko vyote ni deki inayofanya kazi, na hizo nazo zinazidi kuadimika kwa mafundi wa Mwanjelwa.