Nilikwenda Kuwakimbia Watu

Mimi na foleni hatuivi chungu kimoja. Naliweka hili mbele kwa sababu mke wangu akikisimulia kisa hiki huanzia katikati, pale ninapoonekana nimesimama kwenye geti la bustani ya burudani, nikiyapungia mabasi matatu mikono yote miwili kama utingo ambaye hajapata abiria tangu alfajiri. Anayesikia kutoka hapo ataona sina akili. Ngoja nianze mwanzo, ingawa sina hakika kama itanisaidia.

Safari yetu ya kwanza tulikwenda wakati wa likizo. Tulisimama saa moja na nusu juani kwa ajili ya mchezo wa dakika mbili, na mtu wa mbele yangu alikuwa na begi lenye kona. Siku ile niliapa: nikirudi, nitarudi wakati hakuna mtu.

Nikapanga kwa miezi mitatu. Nilichora jedwali lenye muda wa kufika kwenye kila mchezo, muda wa kutoka, na muda wa kwenda msalani (kitindamimba wetu alitengewa dakika nne). Nikachagua Jumanne, katikati ya msimu wa baridi, shule zimefunguliwa, watoto wa watu wako darasani. Wangu niliwaombea ruhusa ya siku moja kwa sababu za kifamilia, na huo si uongo; sisi ni familia.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia, tukamchukua. Njiani nikawa nawapa abiria wangu elimu. Niliwaambia kwamba mwaka 1884, kule Coney Island, Marekani, bwana LaMarcus Thompson alifungua reli yake ya vilima iliyokwenda polepole mno. Ukifika upande wa pili unashuka, wafanyakazi wanasukuma behewa kulipandisha, ndipo unarudi. Niliwaambia pia kwamba reli za vilima za namna hiyo, yaani rola kosta, Wafaransa huziita "milima ya Kirusi," ilhali Warusi wenyewe huziita "milima ya Kimarekani." Mama mkwe akasikiliza yote kwa utulivu, kisha akauliza, "Baba, hao wengine wote wasiokwenda leo, hakuna kitu wanachokijua?"

"Hawajui kupanga, mama."

"Haya. Ila penye wengi hapaharibiki neno."

Uwanja wa kuegesha magari ulikuwa mtupu kiasi kwamba nilishindwa kuamua niegeshe wapi. Nikajisikia mfalme. Getini hakuna mtu, ndani hakuna mtu, muziki unapiga peke yake. Tulipopiga hatua ishirini akatokea dubu, namaanisha mfanyakazi aliyevaa vazi la dubu, akatukumbatia mmoja mmoja. Sisi tulikuwa wageni wake wa kwanza, na kwa muda mrefu tukabaki kuwa wa pekee, kwa hiyo akatufuata. Kila kona tukikata, dubu yupo, anapunga mkono. Kufikia saa nne kitindamimba alikuwa amejificha ndani ya koti la mama yake.

Sasa, kuna jambo ambalo jedwali langu halikuwa na safu yake. Msimu ambao watu hawaji ndio bustani hizi hufanyia matengenezo. Ukifikiri kidogo, wangefanya lini tena? Mchezo wa maji ulikuwa umekaushwa, na mtu mmoja yuko chini kabisa anasugua sakafu. Gurudumu kubwa lilisimamishwa kwa sababu ya upepo. Rola kosta kubwa, ambayo ndiyo niliyoiwekea kengele kwenye simu, ilikuwa imetandazwa chini: mabehewa yamefunguliwa, magurudumu yamepangwa sakafuni kama samani za mtu anayehama, mafundi wanakagua vyuma kutafuta nyufa. Mmoja akanipungia. Nikampungia. Ningefanya nini?

Tukabaki na farasi wa kuzunguka, vikombe vya kuzunguka, na rola kosta ya pili, ile ndogo. Farasi na vikombe vilituishia kabla ya saa tano, kwa sababu mchezo usio na foleni huisha upesi kuliko ulivyofikiri. Tukaenda kwenye ile rola kosta.

Kijana wa zamu alifurahi kutuona, kisha akatuhesabu, kisha furaha ikapungua. "Mzee, leo haiondoki bila watu kumi na wawili."

"Ina viti ishirini na vinne. Nafasi si ipo?"

Nafasi ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Akanieleza kwa adabu kwamba treni ile haina injini. Mnyororo huivuta hadi juu ya kilima cha kwanza, ile sauti ya tak-tak-tak ni vyuma vinavyoizuia isirudi nyuma, na kutoka pale juu ni uzito wake tu unaoifikisha nyumbani. Siku ya baridi grisi huwa nzito na magurudumu hayazunguki vizuri. Wameizungusha tupu tangu asubuhi ipate moto, lakini ikibeba watu wachache na upepo ukawa wa mbele, inaweza kushindwa kilima cha katikati, ikarudi nyuma, ikaja mbele, ikarudi nyuma, mpaka itulie bondeni kama kokwa kwenye bakuli. "Na hapo," akasema, "tunakuja kuwatoa kwa ngazi."

Nikahesabu. Kitindamimba hakufika sentimita 120, na mama yake alibaki naye. Mimi, watoto wawili wakubwa, na mama mkwe, ambaye alikaa kwenye benchi pale kituoni akasema, "Mimi nihesabuni tu, sipandi." Wanne. Wa kutafutwa wanane.

Ndivyo nilivyoanza, mimi niliyetumia miezi mitatu kuwakwepa binadamu, kuzunguka bustani nzima nikiwatafuta. Nilimchukua binti yangu mkubwa ili nionekane mtu wa heshima. Tukampata mzee mmoja aliyekuwa akitembea na mkewe. Mke akakataa kwa sababu ya moyo, mzee akakubali haraka kuliko adabu inavyoruhusu. Tukawapata vijana wawili. Kwenye vikombe tukakuta wapenzi wanagombana kwa sauti ya chini. Wakaja, nadhani ili wasiyamalize yale mazungumzo. Dubu akajitolea mwenyewe kwa ishara, lakini wafanyakazi hawahesabiwi. Tisa. Nikawatuma wote kituoni wakanisubiri, mimi na binti tukaenda getini kuvizia watatu.

Hapo ndipo mabasi yalipotokea.

Najua sasa, na ningeweza kulijua kabla kwa kufikiri dakika moja, kwamba Jumanne ya msimu mtupu ndiyo siku ambayo shule huleta wanafunzi, maana ndipo bustani inapowapa nafasi. Sikufikiri. Niliona watu. Nilipunga mikono yote miwili. Milango ilipofunguka nikapaza sauti, "Huku! Huku! Rola kosta iko huku, haina foleni!"

Wakanisikia. Wakapita pembeni yangu kama maji ya mfereji uliozibuka, walimu wao nyuma wakiita majina. Binti yangu akaniangalia. "Baba, tukimbie?" Nikamwambia kukimbia hakuruhusiwi, kuna kibao.

Tulipofika, foleni ilikuwa imezunguka choo. Nikapenya hadi mbele kumweleza yule kijana kwamba mimi ndiye niliyewaleta watu hawa. Akanisikiliza hadi mwisho. "Asante sana, mzee. Foleni inaanzia kule." Treni ilikuwa moja tu inayotembea, maana ya pili nayo ilikuwa kwa mafundi. Kibao kikaandika dakika 75.

Tulisimama. Mbele yangu alikuwepo mwanafunzi mwenye begi lenye kona. Dubu akapita akanipiga bega kwa huruma. Na kwa kuwa msimu huo hufunga mapema, saa tisa na nusu, wakiwa wamebaki watu kama thelathini mbele yetu, wakaweka mnyororo.

Nikaenda kumchukua mama mkwe kwenye benchi. Hakuwepo kwenye benchi. Alikuwa anashuka kwenye treni, kitambaa cha kichwa kimegeukia shingoni, anacheka hadi machozi. Kumbe kila treni ilipobakiwa na kiti kimoja au viwili, kijana alimwita bibi aliyekuwa karibu. Alikuwa amepanda mara nne. Mjukuu wake wa pili, aliyekuwa naye pale kituoni, amepanda mara tatu, ya nne akaogopa.

Picha wanayopiga pale kwenye mteremko tuliinunua, ipo sebuleni. Mama mkwe yuko kiti cha mbele, mikono juu, mdomo wazi, nyuma yake wapenzi wameshikana. Ukiangalia chini kabisa, kwenye kona, kuna mtu mdogo ameshika jedwali, anaangalia saa.