Bakuli la mti lina pindo na mji

Bakuli langu la kwanza nililipaka rangi lote, ndani na nje: buluu, manjano, na twiga wawili wakitazamana. Shangazi alilishika, akaligonga kwa ukucha, akaniuliza, "Hili la plastiki umelinunua Kongowea?" Lilikuwa la mwembe, limekerezwa kwa mkono na fundi wa Changamwe. Sikumjibu.

Tangu siku hiyo nashikilia kwamba bakuli lipambwe kama kanga. Kanga ina pindo, ule ukingo wake, na mji, yaani sehemu ya katikati. Kwenye bakuli, mji ni mti wenyewe na michirizi yake. Pindo ni ukingo, upana wa vidole viwili, basi. Ukizidisha unafunika kazi ya mkerezaji kwa kazi yako, na yako (nisamehe) huenda ndiyo dhaifu.

Pindo lenyewe si kazi ngumu. Pembetatu kama za mkeka wa ukili, au nukta tatu tatu za kichwa cha msumari kilichochovywa rangi. Kinachotesa watu ni kugawanya ukingo. Mimi huzungusha ukanda wa karatasi, naukata pale ncha zinapokutana, kisha naukunja katikati mara 4. Nikiukunjua napata sehemu 16 sawasawa, bila rula. Bakuli la kipenyo cha sentimita 20 litakupa karibu sentimita 4 kila sehemu.

Kabla ya hapo, msasa: namba 120, halafu 240. Lipanguse kwa kitambaa kibichi nyuzi zisimame, likauke, usugue tena. Kuna pande mbili za bakuli ambako nyuzi zimekatwa vichwa. Huko mti hunywa rangi na mstari hutambaa, kwa hiyo tangulia na vanishi nyepesi. Na mti mbichi usiuguse kabisa. Utajikunja, na nukta zako zitakwenda nao.

Ndani usipake. Vijiko vitakwangua, rangi iishie kwenye wali.

Wanaonikera zaidi ni wanaopaka mti mweupe rangi nyeusi ya viatu wakauita mpingo. Mpingo huzama majini; omba kipande na ndoo uone muuzaji atakavyokutazama.

Lile la twiga nimeanza kulikwangua jioni, kibarazani. Twiga mmoja bado yupo.