Saa za mwanzo ni za shehia

Machi 2024 watu wa Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, walikula nyama ya kasa. Walikufa tisa, wanane kati yao watoto, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Kasa kwa watu wa pwani ile ni kitoweo cha tunu, na mmoja tu huliwa na nyumba nyingi. Ndiyo maana msiba ule uligonga milango mingi kwa pamoja.

Serikali ilipeleka ujumbe wa maafa ukiongozwa na Hamza Hassan Juma, waziri wa wakati huo, na wananchi wakahimizwa waache kula kasa. Ilikuwa sawa kabisa kwenda na kusema hivyo. Lakini Novemba 2021, Pemba hiyohiyo, walikuwa wameshakufa watu saba kwa kula kasa. Kati ya msiba wa mwanzo na wa pili ilipita miaka miwili na ushei, na hapo ndipo panaponiuma. Sumu ile haina dawa ya kuiondoa mwilini, wala haitoki kwa kupikwa. Kinga yake ni moja, mtu aijue kabla hajabandika chungu. Kinga hiyo haihitaji boti wala ghala, inahitaji mtu wa kwenda dikoni na kusema, tena na tena, mpaka kila mtoto aijue. Kazi hiyo ilikuwa ya nani, ya Kamisheni ya maafa iliyoko mjini au ya shehia, yaani mtaa wenyewe chini ya sheha wake?

Swali hili huzuka kila masika, na huwa linajibiwa kwa hamasa kuliko kwa kupima. Nataka nilipime, kwa sababu kila upande una hoja ambayo upande wa pili hupenda kuiruka.

Kwanza sheria. Sheria namba 1 ya 2015 iliunda Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar, chini ya Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais, na ikateremsha kamati za maafa hadi wilayani na kwenye shehia. Mwaka mmoja nyuma, Sheria namba 7 ya 2014 ilikuwa imeshazipanga upya serikali za mitaa, yaani manispaa, mabaraza ya miji na halmashauri zetu. Zisome pamoja utaona pale zinapopishana. Kamati ya maafa ya wilaya inakaa kwa mkuu wa wilaya. Mtaro, jaa la taka na soko ni vya baraza, lenye mkurugenzi wake na madiwani wake. Kwa hiyo mtaro ulioziba ni wa ofisi moja, na mafuriko yanayotoka kwenye mtaro huohuo ni ya ofisi nyengine. Mama wa Sebleni au wa Mwanakwerekwe aliyepanga matofali matatu mlangoni ili maji yasimfikie kitandani, atakwenda kubisha ofisi gani?

Wanaotaka nguvu zibaki juu wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote imelala chini ya bahari ya Nungwi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imepakia watu na mizigo kupita kiasi chake. Haikupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Hakuna sheha wala diwani ambaye angeweza kuzizuia meli zile. Jambo lilikuwa gatini, kwa anayehesabu abiria, anayekagua chombo, na mwenye ubavu wa kumwambia nahodha kuwa leo huondoki. Mamlaka kama hayo ukiyagawa mafungu mafungu umeyaua. Vivyo hivyo kwa majengo ya Mji Mkongwe. Jumba la Maajabu lilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, likiwa kwenye matengenezo, na kuua watu wawili, suala lilikuwa la uhandisi na usimamizi, na shehia haina mhandisi.

Ipo na hoja ya ukubwa. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 katika wilaya 11. Fedha za maafa hazijawahi kuwa nyingi. Ukizikata vipande 11, kila wilaya ikanunua pampu yake na kuijengea banda lake, baada ya misimu miwili utakuwa na pampu 11 zenye kutu na hakuna fundi hata mmoja. Hapa sibishani nao. Utabiri wa hali ya hewa, ukaguzi wa vyombo, wazamiaji, mashine kubwa, vyote hivyo vina mahali pake, na mahali pake ni juu.

Lakini rudi tena kwenye usiku ule wa Nungwi. Baada ya siku kadhaa waliitwa wazamiaji kutoka Afrika Kusini. Ila watu waliokuwa wameshikilia magodoro majini, ambao bado walikuwa na pumzi, hawakuokolewa na wazamiaji. Waliokwenda mapema ni wavuvi wa Nungwi, na pamoja nao boti za hapohapo zinazochukua watalii kuzamia. Mvuvi anayetoka usiku kwenda kuokoa hachukui barua ya mtu. Anachoma mafuta yake mwenyewe, na siku ya pili hana ya kwendea kuvua. Nimesikiliza hotuba nyingi za kuwashukuru wavuvi, na bado sijaona mpango unaosema dumu la mafuta litalipwa na nani.

Ndipo ninaposema saa za mwanzo ni za shehia, hata ukiandika sheria gani. Jirani ndiye anayejua nyumba ipi ina mzee asiyeweza kutembea. Ndiye anayejua kisima kipi huingia maji ya karo mvua zikizidi, na tulipokuwa na kipindupindu 2015 na 2016 tuliona thamani ya kujua kisima kwa kisima. Ndiye anayejua pia kuwa mvua ya kawaida ikikutana na bamvua, maji ya mtaro hayana pa kwenda, kwa sababu bahari nayo imejaa na inayarudisha. Hilo halimo kwenye utabiri wa mkoa mzima. Limo kichwani mwa mtu aliyekaa hapo miaka thelathini.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo watetezi wenzangu wa shehia hulikwepa. Sheha hachaguliwi. Anateuliwa na mkuu wa mkoa. Ndiye anayemtambua mtu kuwa ni mkaazi, na kwa miaka mingi utambulisho wake ulikuwa ndiyo mlango wa kuandikishwa kupiga kura. Pemba, tangu uchaguzi wa 1995, wapo watu wasiokanyaga ofisi ya sheha mpaka wawe hawana budi. Serikali za umoja wa kitaifa, ya 2010 na ile iliyorudi baada ya uchaguzi wa 2020, zimepoza mengi, lakini makovu ya namna hiyo hayafutiki kwa tangazo. Ukimkabidhi mtu huyohuyo orodha ya wanaostahiki mchele na magodoro, umeyachukua mambo mawili yaliyo mazito, siasa na njaa, ukayatia kwenye daftari moja.

Niliwahi kuliona daftari hilo kwa macho yangu. Ilikuwa masika, katika mtaa mmoja wa Mjini Magharibi, maji yamekwisha kupungua na kila ukuta umebakia na mstari wa tope kwa urefu mmoja, kama uliochorwa kwa rula. Misaada ilikuja kwa gari, majina yakasomwa. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye mstari wa tope chumbani kwake ulikuwa juu ya godoro. Jina lake halikuwemo. Jina la nyumba moja iliyoko juu ya kilima, ambako maji hayakufika kabisa, lilikuwemo. Bibi hakupiga kelele. Alikaa barazani akilikamua kanga lake taratibu, akasema, "Mwanangu, mimi sikuandikwa." Sijui ilikuwa hila au uzembe, na kwake yeye tofauti haikuwepo.

Kisa hicho kingeweza kunifanya nirudi upande wa Kamisheni. Hakikunirudisha, kwa sababu nilijiuliza kama orodha ingeandikwa mjini, nani angeziandika hizo nyumba? Wangempigia simu sheha yuleyule. Orodha iliharibika kwa kuandikwa na mtu mmoja na kusomwa mara moja tu, gari likiwa limeshafika. Orodha ya nyumba zilizo hatarini inaweza kuandikwa Februari, jua linawaka, hakuna mchele wa kugombania. Isomwe Ijumaa nje ya msikiti, ibandikwe dukani na skuli, watu wabishane, bibi aseme hapo hapo kwamba hakuandikwa. Diwani awepo, kwa kuwa yeye angalau alipigiwa kura, na mwalimu wa skuli awepo na muuguzi wa kituo cha afya. Sheha abaki, ila asibaki peke yake.

Kuhusu fedha, wasiwasi wa watu ni kwamba zikishuka chini zitaliwa. Wasiwasi huo ni wa haki, ila mfano wa kuutuliza tunao majumbani mwetu. Wanawake wa vikundi vya kuweka na kukopa, Unguja na Pemba, wanatunza fedha zao kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na halifunguliwi ila mbele ya wanachama. Kwa utaratibu huo fedha zao wamezilinda. Mfuko mdogo wa dharura wa shehia, wa kununulia mafuta ya boti, dawa ya kutibu maji na kukodi gari la kumpeleka mgonjwa, unaweza kukaa kwa mtindo huo na hesabu zake zikakaguliwa na baraza. Siyo fedha nyingi. Ni fedha zinazopatikana saa nane za usiku.

Wakubwa watasema bajeti ya baraza haibebi hata taka. Kweli, na hapa kuna jambo la kalenda ambalo halizungumzwi. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai. Masika inaanza Machi. Bajeti inajadiliwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, wakati mvua za mwaka huo zimeshapiga au zinamalizikia, watu wakiwa na uchungu nazo, na fedha zikitoka ni kiangazi na kila mtu amesahau. Kusafisha mtaro kunatakiwa kuwe kumekwisha Februari. Kama fungu la mitaro halikufika barazani kabla ya Disemba, hakuna kamati ya maafa, ya juu wala ya chini, itakayoyageuza maji njia.

Na Pemba niitaje kwa jina lake, kwa sababu mipango mingi inaiandika kama mkia wa Unguja. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia na kufika Mafia, safari za boti za abiria zilisimamishwa, na ilikuwa lazima zisimamishwe. Lakini maana yake ni kwamba siku ambayo Pemba inaweza kuhitaji msaada wa Unguja zaidi ndiyo siku ambayo hakuna chombo kinachovuka. Na vimbunga havitupimii sawa. Kile cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, mpaka Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Kijacho kinaweza kugeuza mambo. Kwa hiyo hoja ya kwamba nchi ni ndogo, ghala moja linatosha, ina nguvu ukiisemea Mjini Magharibi, na inakatika katikati ya mkondo wa Nungwi. Pemba inahitaji ghala lake likiwa limejaa kabla ya Machi, na mtu wa kulifungua asiyehitaji ruhusa ya simu, maana simu nazo hukatika. Waliokaa Unguja gizani kwa miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009, kwa hitilafu ya njia moja ya umeme kutoka Bara, wanajua kinachotokea ukitegemea kamba moja.

Kamisheni, kwa hiyo, siitaki ipungue. Ninaitaka ifanye yale ambayo shehia haiwezi: ishike viwango, itoe mafunzo, ikague, ijaze maghala mawili yaliyo sawa, na ihoji baraza lolote ambalo orodha yake haikusomwa mbele ya watu. Mabaraza yapewe jukumu la maafa kwa maandishi pamoja na mtaro, ili mtaro ulioziba na mafuriko yake viwe chini ya paa moja.

Panza vyombo vipo na manahodha wapo. Mgonjwa wa usiku atashushwa dikoni, avushwe mkondo hadi Chokocho, kisha apate gari la kumfikisha Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Njia hiyo kila mtu wa pale anaijua. Lililobaki ni dumu la mafuta ndani ya kabati la skuli, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wanaojulikana, na namba ya simu ya hospitali iliyopakwa rangi ukutani kwa herufi za kusomeka hata kwa tochi. Chini yake iandikwe kuhusu kasa.