Windows ya fundi na Linux ya bure

Mpelekee fundi wa mtaani laptopu ya mtumba uone kama atakuuliza unataka mfumo endeshi upi. Anachomeka flashi, anapiga Windows, unampa hela ya ufundi, mnaagana. Leseni haitajwi. Ndiyo maana hoja ya bei, ambayo wapenzi wa Linux, mfumo endeshi wa bure, huanza nayo kila mara, kwetu haina makali. Mtu hajawahi kuilipa Microsoft hata senti. Umshawishi kwa neno “bure”?

Hoja yenye uzito ni nyingine. Kreki, yaani programu ya kukwepa leseni inayofungua hiyo Windows, hupewa ruhusa zote za mashine, na mara nyingi antivirasi huzimwa kwanza ili ipite. Imebeba nini ndani, fundi mwenyewe hajui. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, yaani masasisho ya usalama, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache. Zile laptopu zenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 6 zilizojaa madukani zimebaki nje. Fundi anaweza kuilazimisha ikae, ila Microsoft haikuhakikishii masasisho. Linux Mint 22, mojawapo ya matoleo ya Linux, inatosheka na RAM ya GB 4 na itapata masasisho hadi 2029.

Sasa upande wa pili, ambao wapenzi wa Linux huupita haraka. Photoshop haina toleo la Linux. LibreOffice, programu za ofisi zinazotumika kwenye Linux, hufungua faili la Word, lakini jedwali linaweza kuhama ukurasa. Na printa ikigoma, nani mtaani kwako ataitengeneza? Munich, Ujerumani, iliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ikafikisha kompyuta kama 15,000, na bado mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Siasa zilikuwamo, sawa, lakini hilo ni jiji lenye mafundi wake wa kuajiriwa.

Kwa mwanafunzi anayeishi ndani ya kivinjari, mimi ningeweka Mint leo hii. Mwenye steshenari ningemwambia anunue leseni. Mteja aliyeleta CV yake kwenye flashi hataki kusikia habari za programu huria; anataka itoke kwenye karatasi kama alivyoiandika.