Afro Blue ni ya Mongo Santamaría

Juzi nilikwenda kusikiliza jazi hapa mjini. Vijana walikuwa wanapiga vizuri kweli, mpaka mshereheshaji aliposhika kipaza sauti na kututangazia kwamba kibao kinachofuata ni Afro Blue, "utunzi wake John Coltrane." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mpiga tumba akaanza, wenzake wakaingia mmoja mmoja, na mimi nikashindwa kabisa kufurahia muziki niliokuwa nimeusubiri wiki nzima.

Afro Blue haikutungwa na Coltrane, yule mpiga saksofoni wa Marekani. Aliitunga Mongo Santamaría, mpiga tumba wa Havana. Na aliyekosea jukwaani hakuwa na nia mbaya, najua, maana kosa hili limeenea kila mahali. Kuna hata matoleo ya santuri yaliyochapishwa jina la Coltrane kama mtunzi. Ndiyo maana nimeamua kuandika kwa kirefu, kwa sababu nikinyamaza nami nitakuwa miongoni mwa waliomnyang'anya mtu jasho lake.

Ramón Santamaría, ambaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Mongo, alizaliwa Havana mwaka 1917 akakulia Jesús María, mtaa wa watu weusi wa kipato cha chini ambako rumba ilipigwa uani, vichochoroni, popote penye boksi la mbao la kugonga. Alianza na fidla. Akaiacha, akafuata ngoma. Mchana alikuwa mpeleka barua, usiku mpiga ngoma, hadi akafika Tropicana, klabu iliyovuma kuliko zote pale Havana. Mwaka 1948 alikwenda Mexico pamoja na Armando Peraza, na kufika 1950 alikuwa amehamia New York. Akapiga katika bendi ya Pérez Prado, kisha akakaa kwenye bendi ya Tito Puente kuanzia 1951 hadi 1957.

Miaka hiyo ya Puente ingetosha kumfanya mtu ajivune maisha yake yote. Tafuteni albamu iitwayo Puente in Percussion. Hakuna tarumbeta wala piano, ni ngoma na besi tu: Puente mwenyewe, Mongo, Willie Bobo, na Patato Valdés. Mtu akiniambia ngoma ni kisindikizo cha muziki, namwekea hiyo kisha namwacha asikilize.

Mwaka 1957 Mongo na Bobo wakamwacha Puente na kuhamia California kwa Cal Tjader, mpiga vaibrafoni. Huko ndiko Afro Blue ilikozaliwa. Bendi ya Tjader iliipiga mbele ya watu mjini Carmel mwezi Aprili 1959, na mwaka huohuo Mongo akaiweka katika albamu yake mwenyewe, iitwayo Mongo tu, akiwa na Paul Horn kwenye filimbi na Emil Richards kwenye marimba.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyojengwa, maana hapa ndipo penye hoja yangu yote. Besi inaanza peke yake, inarudia mapigo sita. Chini ya hayo mapigo sita kuna mapigo mengine manne, katika muda uleule. Tatu juu ya mbili, mara mbili. Mkitaka kuelewa, kaeni watu wawili mezani: mmoja agonge mara tatu, mwenzake agonge mara mbili, waanze pamoja na wamalize pamoja. Yeyote aliyekulia pwani hahitaji darasa. Huo ni mwendo ambao kiuno cha mcheza chakacha kinaujua kabla kichwa hakijaanza kuhesabu. Ni mwendo ambao Waafrika walivuka nao bahari wakiwa wamefungwa minyororo, ukabaki hai Cuba ndani ya ngoma za ibada na rumba za uani, na Mongo ndiye aliyeuchukua akaujengea kibao kizima cha jazi kuanzia msingi. Hakuchukua wimbo wa jazi uliokwisha tungwa akaumwagia ngoma juu, kama wengi walivyofanya kabla yake. Ngoma ndiyo ilikuwa wazo la kwanza. Sauti ya filimbi, ile inayopanda taratibu kwa noti chache tu, imekaa juu ya mapigo hayo kwa sababu mtunzi aliwaza kwa mikono.

Kwa hiyo ukisema Afro Blue ni ya mpiga saksofoni, hujakosea jina tu. Umesema, bila kujua, kwamba mtu anayepiga ngozi hawezi kuwa na wazo. Kwamba yeye anatoa joto na wengine wanatoa akili. Hilo ndilo linaloniuma.

Coltrane nampenda. Rekodi yake ya Birdland, klabu ya New York, ya Oktoba 1963, McCoy Tyner akiwa kwenye piano na Elvin Jones kwenye dramu, ni moto mtupu, na siwezi kukataa kwamba bila yeye wapiga jazi wengi wasingeigusa Afro Blue kamwe. Aliugeuza mwendo wake, akaupeleka kwenye tatu, akapuliza saksofoni ya soprano mpaka unahisi paa la ukumbi linataka kuondoka. Sawa. Haki yake tumpe. Lakini kupiga kitu kwa ustadi hakukupi umiliki wake, na mwimbaji Abbey Lincoln alishaiimba mwaka 1959, miaka minne kabla, kwa maneno yaliyoandikwa na Oscar Brown Jr.

Na sisi huku hatuna pa kujifichia. Muziki wetu wa dansi umelelewa na santuri za Cuba. Salum Abdallah kule Morogoro aliita bendi yake Cuban Marimba. Bendi mbili zilizotugawa mashabiki wa Dar kwa miaka mingi, moja inajiita Msondo Ngoma na nyingine Sikinde Ngoma ya Ukae. Ngoma iko kwenye jina! Lakini muulize shabiki yeyote wa damu akutajie watu. Atakutajia Gurumo na Bitchuka, Mabera na gitaa lake, Enoch na saksofoni yake. Ukimuuliza nani alipiga tumba kwenye wimbo anaoupenda kuliko zote, atakutazama kama umemuuliza jina la dereva wa basi alilopanda mwaka jana.

Mjomba wangu alipiga tumba katika ujana wake. Kwenye picha ya bendi yao iliyokuwa imetundikwa sebuleni, yeye yuko pembeni kabisa, nusu ya bega imekatwa. Alikuwa akisema kwamba mwimbaji akiugua onyesho linaendelea, mpiga gitaa akichelewa wataanza bila yeye, lakini tumba ikikosekana watu wanabaki kwenye viti. Malipo yake kwa usiku yalikuwa madogo kuliko ya wote. Hakuwahi kulalamika mbele yangu, ila vidole vyake vya mkono wa kulia havikunyooka tena hadi alipofariki.

Narudi kwa Mongo, maana yeye hakukubali kukaa pembeni mwa picha. Alipoachana na Tjader alianzisha bendi yake. Kwanza charanga, ya filimbi na fidla, kisha ile yenye tarumbeta na saksofoni iliyompeleka kila mahali. Mwishoni mwa 1962 alikuwa anapiga kwenye klabu moja ya Bronx, watu wachache, na mpiga piano wake Chick Corea alikuwa ameondoka. Wakamleta kijana wa kujaza nafasi kwa siku chache, Herbie Hancock. Mpiga tarumbeta Donald Byrd alikuwepo usiku ule, akamhimiza Hancock ampigie Mongo kibao chake, Watermelon Man. Mongo akasikiliza, akaingia na tumba. Bendi ikafuata, na wale watu wachache wakainuka kucheza. Mongo akaomba ruhusa ya kukirekodi. Desemba ileile kikawa kwenye mkanda, na mwaka 1963 kikapanda hadi nafasi ya 10 kwenye chati za jarida la Billboard la Marekani. Ni mpiga tumba aliyekiongoza kibao hicho hadi kwenye redio za Marekani nzima, na jina la Hancock likabaki pale panapostahili, kama mtunzi. Mongo alimtendea kijana haki ambayo yeye mwenyewe alinyimwa na wachapishaji wa santuri.

Alikuwa pia na jicho la kuona vipaji. La Lupe, yule mwimbaji aliyekuwa kama kimbunga jukwaani, alitambulishwa kwa albamu ya Mongo mwaka 1963. Hubert Laws alipuliza filimbi kwake kabla dunia haijamjua. Wimbo wa Yeh Yeh, uliompa mwimbaji Georgie Fame namba moja Uingereza mwaka 1965, ulitungwa na watu wa bendi ya Mongo, Rodgers Grant na Pat Patrick.

Wapo wanaosema baada ya Watermelon Man alijiuza, akawa anakimbilia nyimbo za watu zilizokuwa zinavuma redioni. Kuna ukweli hapo, na sipendi kuukiri. Zipo albamu zake za katikati ya miaka ya 60 ambazo sizirudii. Lakini alikuwa na bendi nzima ya kulipa mishahara, na hata katika Cloud Nine ya 1969, wimbo wa Temptations, ukizisikiliza tumba peke yake utasikia mtu wa Jesús María hajaondoka. Tuzo ya Grammy aliipata kwa albamu Dawn, ya mwaka 1977.

Kwangu mimi, Mongo mkubwa kuliko wote ni yule wa albamu za Changó na Yambú, na yule aliyerudi Havana mwaka 1960 na Willie Bobo kurekodi na wapigaji na waimbaji wa nyumbani, Carlos Embale na Merceditas Valdés miongoni mwao. Hapo hakuna anayemhangaikia msikilizaji wa Marekani. Ni ngoma, sauti na nyimbo za kuwaita orisha, miungu ya asili ya Wayoruba, zimewekwa kwenye santuri na mtu aliyeamini kwamba zinastahili heshima ileile ya muziki wa kumbi kubwa. Alifariki Miami tarehe 1 Februari 2003.

Wanaoandaa maonyesho ya jazi, ombi langu ni dogo. Mkiipiga Afro Blue, semeni Mongo Santamaría, na mumlete mpiga tumba mbele kwenye taa. Na wasomaji wangu, nyie mliocheza dansi miaka ya 60 na 70 Tabora, Morogoro, Tanga, Mombasa: kama mnalikumbuka jina la mpiga tumba wa bendi yoyote ile, hata kama ni jina la utani tu, niandikieni, pamoja na bendi aliyopigia na wimbo ambao mikono yake inasikika. Nimeanza daftari. Jina la kwanza ndani yake ni la mjomba.