Kochi Lile Lile, Miaka Ishirini Baadaye

Tarehe 27 Machi 2018, Wamarekani zaidi ya milioni 18 walitazama kipindi cha vichekesho kilichokuwa kimekwisha tangu mwaka 1997. Kipindi hicho, Roseanne, kilihusu akina Conner, familia ya wafanyakazi wa kipato cha chini katika mji wa kubuniwa wa Lanford, jimbo la Illinois, na idadi ya watazamaji wa usiku huo ilizidi hata ya wale waliokiaga miaka 21 kabla. Hesabu hiyo imefasiriwa kwa namna nyingi, na karibu tafsiri zote zimeniacha na kiu. Wapo walioiona kuwa ushindi wa wapiga kura wa Donald Trump, ambaye kweli alimpigia simu mwigizaji mkuu, Roseanne Barr, kumpongeza. Wengine waliona umati wa watu wazima wanaoikimbia dunia ya leo na kwenda kujificha ujanani mwao. Tafsiri zote mbili zinachukulia kwamba watu walikwenda kutafuta yaliyopita. Sidhani kama hilo limethibitishwa.

Hoja za wanaopinga mtindo huu wa kufufua vipindi vya zamani hazipaswi kudharauliwa. Wanasema kwamba wakuu wa televisheni na wa huduma za video mtandaoni wanaogopa hasara, na jina linalojulikana huwapunguzia gharama ya kujitangaza. Kwa hiyo mwandishi kijana mwenye familia mpya kichwani mwake husubiri mlangoni wakati marehemu wanapitishwa. Mfano wao mkubwa ni Fuller House, iliyoanza Netflix Februari 2016 kuendeleza Full House ya miaka ya 1987 hadi 1995. Katika kipindi cha awali, baba mjane wa San Francisco alilea mabinti watatu akisaidiwa na shemeji na rafiki. Katika kile kipya, binti mkubwa ni mjane anayelea wavulana watatu akisaidiwa na mdogo wake na rafiki. Nguo imegeuzwa ndani nje, basi. Kila mwigizaji wa zamani aliyerudi aliingia kwa mlango ule ule, akasema msemo wake ule ule, na hadhira ikapiga makofi kabla hajamaliza. Kilidumu misimu mitano, na ningekuwa sina mfano mwingine ningekubaliana na wapinzani na kuishia hapa.

Lakini tuirudie Roseanne, katika dakika zake za mwanzo kabisa. Kipindi cha awali kilikuwa kimekwisha kwa kufichua kwamba Dan, mumewe Roseanne Conner, mama wa familia anayeigizwa na Barr, alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka 2018 Dan yu hai, amelala, na mkewe anamwamsha akihofu kwamba amekata roho. Ndivyo waandishi walivyouondoa ule msiba wao wenyewe kwa mzaha mmoja. Kisha Dan anakuja na mfuko wa dawa. Bima yao hailipii tena kama zamani, fedha nyingi zaidi zimenunua vidonge vichache zaidi, na wazee hawa wawili wanaanza kugawana, hiki changu, hiki chako, hadhira ikicheka. Jikoni ni kule kule, na sebuleni kuna kochi lile lile na blanketi lake la kufuma kwa mkono.

Onyesho hilo la dawa ndilo ninaloliona kuwa halikueleweka. Lingeandikwa katika kipindi kipya kabisa, lingekuwa kichekesho cha wastani kuhusu wazee na bima. Tatizo ni kwamba mtazamaji aliwajua watu hawa tangu walipokuwa na nguvu, wakibishana kuhusu bili, wakifungua biashara na kufilisika, wakihamisha deni huku na kulipeleka kule, na siku zote wakiamini kwamba watoto wao watapata afueni. Sasa wamefanya kazi miaka mingine ishirini, na matokeo yake yako ndani ya mfuko wa karatasi. Hakuna mwandishi awezaye kubuni miaka hiyo ishirini. Inabidi ipite kweli, usoni mwa John Goodman anayemwigiza Dan, na usoni mwa aliyeketi kwake akimtazama. Kumwita mtazamaji huyo mtu anayeukimbia wakati ni kumwonea, kwa maana hakuna mahali pengine katika televisheni ambapo wakati umemkabili waziwazi kiasi hicho.

Isitoshe, lawama ya kurudia inatoka katika mazoea ya kudhani kwamba hadithi ikisharudiwa imechakaa. Sisi tuliolelewa na paukwa na pakawa tunapaswa kuwa wa mwisho kuikubali. Nani aliwahi kumkatiza bibi kwa sababu kisa cha Abunuwasi alikisimulia mwaka jana? Msikilizaji alikaa macho ili aone safari hii kimebadilika nini.

Kipindi kilichobadilisha mengi kuliko vingine ni One Day at a Time. Kile cha kwanza, kilichorushwa na CBS kuanzia 1975 hadi 1984 chini ya usimamizi wa Norman Lear, kilimhusu mama wa Indianapolis aliyetalikiwa, akiishi na mabinti wawili, jambo lililokuwa geni kwenye runinga ya wakati huo. Mwaka 2017, Lear akiwa na umri wa miaka 94, Netflix ilileta kipya cha Gloria Calderón Kellett na Mike Royce: familia yenye asili ya Kuba mjini Los Angeles, mama aliyekuwa muuguzi wa jeshi nchini Afghanistan, na bibi, akiigizwa na Rita Moreno, ambaye alitolewa Kuba akiwa msichana. Hapa wapinzani wana swali lao zuri kuliko yote, nami sina jibu la kuridhisha: kwa nini familia hii ililazimika kuingia kwa barua ya utambulisho ya mwaka 1975? Ninachoweza kusema ni kwamba barua ilifungua mlango ila haikuwapa kiti. Machi 2019 Netflix ilikifuta baada ya misimu mitatu, ikieleza kwamba watazamaji hawakutosha. Chaneli ya Pop TV ikakichukua, janga la korona likasimamisha upigaji picha wa msimu wa nne, na mwaka 2020 kikafungwa moja kwa moja. Kama hamu ya mambo ya zamani ingekuwa biashara isiyopata hasara, kama tunavyoambiwa, kingekuwapo hadi leo.

Narudi kwenye ile milioni 18. Tarehe 29 Mei 2018, saa chache baada ya Barr kuandika maneno ya kibaguzi mtandaoni, kituo cha televisheni cha ABC, kilichokuwa kikikirusha, kilikifuta kipindi chake. Oktoba mwaka huo familia ile ile ilirudi bila yeye, kwa jina la The Conners, na usiku wa kwanza watazamaji zaidi ya milioni 10 walikuwapo. Wengi walikuwa wamekwenda zao, hilo ni kweli, lakini waliobaki hawawezi kuelezwa kwa mapenzi ya nyota aliyefukuzwa wala kwa siasa zake. Waandishi walieleza kutokuwapo kwa Roseanne kwa kifo: alikuwa akiumwa goti, upasuaji ulikuwa ghali, na akazidisha vidonge vya kutuliza maumivu. Mfuko ule wa dawa, tuliouchekea miezi saba tu kabla, ukawa ndio uliomuua.

The Conners ilidumu misimu saba. Katika sehemu yake ya mwisho, Aprili 2025, madai ya Dan dhidi ya kampuni ya dawa yanakwisha kwa hundi ya dola 700. Familia inakwenda kulitazama kaburi la Roseanne, inarudi nyumbani kula, watoto wanaondoka mmoja mmoja, na mzee anabaki peke yake kwenye kochi.