Msimwambie mama mdogo apunguze mawazo

Jumapili kwenye kikoba chetu mama mdogo alisimama na daftari kusoma marejesho kama kila wiki, akafika mstari wa saba akanyamaza. Kidole kipo kwenye mstari, macho yapo kwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta miaka 12, jina halitoki. "Huyu... huyu mama wa..." Jasho likamtoka, akavua mtandio akaanza kujipepea nao, watu wakacheka. Mmoja akasema mama keshachoka, tutafute mweka hazina mwingine. Ana miaka 49 jamani! Mwanamke ambaye hisa za watu 30 anazo kichwani.

Kesho yake nikampeleka zahanati. Wakapima presha, wakamwambia "mama, punguza mawazo", tumemaliza. Hakuna aliyemuuliza hedhi yake ikoje. Nikamuuliza mimi kwenye bajaji, akanijibu kwa sauti ya chini dereva asisikie, kwamba mwezi wa nne sasa haieleweki, mara ije mara mbili mara isije kabisa, na usiku anaamka nguo zimelowa chapachapa.

Hizo ni dalili za mwanamke anayeelekea kukoma hedhi, estrojeni inayumba na kupungua. Sasa hapo ndo hasira zangu zilipo. Tumezoea kuiona estrojeni kama homoni ya kuzalia tu, ikipungua basi kazi imeisha. Si kweli. Ubongo unaitumia kila siku. Hipokampasi, ile sehemu inayoshika kumbukumbu mpya, ina vipokezi vyake, na mwaka 1990 watafiti Catherine Woolley, Bruce McEwen na wenzao walionyesha kwa panya kwamba vile vichipukizi ambavyo seli za pale zinapokelea taarifa huongezeka na kupungua kufuatana na mzunguko wa homoni, yaani ndani ya siku chache tu. Inagusa na serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, na inadhaniwa hiyo ni sababu mojawapo mwanamke aliyetoka kujifungua, homoni ikishuka kwa kishindo, analia na hajui analia nini.

Ila linaloniuma zaidi ni hilo neno mawazo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walitoa matokeo ya wanawake 42 waliokwisha koma hedhi, wengine walikuwa wametumia estrojeni karibu miaka 5, wengine vidonge visivyo na dawa. Wakawapa mtihani wa kumbukumbu baada ya kuwachovya mkono kwenye maji ya barafu, ili wapate stresi. Waliokuwa kwenye estrojeni kotisoli yao, homoni ya stresi, haikupanda kama ya wenzao, na stresi haikuwavurugia kumbukumbu kama wenzao. Mnaelewa maana yake? Mawazo ya mama mdogo ni yaleyale ya siku zote, kodi, ada, mtoto aliyekosa kazi, ameyabeba miaka yote na daftari lake halikosei. Kilichopungua ni kinga dhidi ya stresi. Kusimama mbele ya watu 30 wanaokutolea macho, hayo ndo maji yake ya barafu.

Haya, nakubali, wale walikuwa na wastani wa miaka 66 na mama mdogo hata hedhi haijakoma. Na sisemi mkimbilie duka la dawa, homoni si za kila mtu, mwaka 2002 utafiti mkubwa Marekani wa estrojeni pamoja na projestini, homoni nyingine ya kike ya kutengenezwa, ulisimamishwa kwa sababu saratani ya matiti ilizidi. Inaweza pia kuwa damu imepungua, inaweza kuwa tezi ya shingo. Basi mpimeni! Muulizeni! Mwambieni pia kwamba wengi kasi ya kujifunza inapungua kipindi hiki cha mpito kuelekea kukoma hedhi halafu inarudi, maana hilo peke yake lingempa usingizi.

Kwa sababu mle kwenye bajaji alinifungulia kiganja. Alama za kalamu ya bluu bado zilikuwepo. Aliandika majina ya wanakikoba usiku kabla ya kikao, jasho likayafuta akiwa amesimama pale pale. Akasema, "Mwanangu, nilijua naenda njia ya bibi yenu," na bibi alikufa hamjui hata mmoja wetu. Miezi minne anaishi na hofu hiyo peke yake, na sisi tunacheka.

Mwenyekiti, najua unasoma hapa. Jumapili daftari anasoma yeye. Feni nakuja nayo mimi.